Kamera ya Kwanza ya DSLR Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyaokota kwenye kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kutambulisha wachumba), harusi na mahafali, kwa watu wanaonisogelea wakiona kamera shingoni, na kwa vijana ninaowafundisha siku za Jumamosi hapa Kampala. Mimi napiga picha kwa kulipwa, siuzi kamera, kwa hiyo sina sababu ya kukusukuma popote. Ukiwa na haraka, soma swali la 5 na la 10, kisha urudi juu.

## Mwanzo kabisa

1. DSLR ni kitu gani hasa?

Ni kamera ya dijitali yenye kioo ndani yake. Mwanga unaoingia kwenye lenzi hupiga kioo hicho, ukapanda juu hadi kwenye kitundu unachochungulia. Unachokiona pale ni mandhari yenyewe kupitia lenzi, si video ya skrini. Ukibonyeza, kioo kinainuka, shata (pazia lililo mbele ya sensa) inafunguka, mwanga unatua kwenye sensa, yaani kibao kinachopokea picha. Mlio ule wa "klak" unaopendwa na watu ndio huo: kioo na shata vikifanya kazi.

Faida zake kubwa ni mbili. Lenzi inatoka na kubadilishwa, na sensa ni pana. Kwenye kamera nyingi za kuanzia sensa ina upana wa milimita 22 hadi 24 hivi, kubwa mara kadhaa kuliko ya simu. Upana huo ndio unaokuokoa ndani ya kanisa lenye giza.

2. Simu yangu inapiga vizuri. Kwa nini nihangaike?

Pengine usihangaike. Kama picha zako ni za kuweka WhatsApp na unapiga mchana nje, simu nzuri itakutosha, na pesa yako itafanya kazi nyingine. DSLR inaanza kulipa pale simu inaposhindwa: mchezaji wa mpira akikimbia mbali nawe, ndege juu ya mti, bibi harusi kwenye hema usiku, picha ya kuchapishwa kubwa ukutani.

3. Nasikia DSLR zimekufa. Si bora kamera isiyo na kioo?

Ni kweli viwanda vimehama. Sony iliacha kuuza DSLR zake mwaka 2021, na Canon ilishatangaza kwamba 1D X Mark III ya mwaka 2020 ndiyo ya mwisho katika kamera zake kubwa za aina hiyo. Pentax ndiyo iliyobaki kuzing'ang'ania kwa moyo wote.

Lakini kwako wewe unayeanza, habari hiyo ni njema. Wenye pesa wanahamia kamera mpya na kuziachia za zamani kwa bei ya kushuka, lenzi zimejaa sokoni, na fundi anayezijua yupo. Kamera iliyopiga harusi nzuri mwaka 2015 haijasahau kazi yake. Tena lenzi za Canon EF zinafanya kazi kwenye kamera zake mpya za EOS R kwa adapta, na lenzi nyingi za Nikon vilevile kwenye kamera za Z. Ukinunua lenzi nzuri leo, utahama nayo.

Kama pesa ipo ya kutosha kununua kamera mpya isiyo na kioo pamoja na lenzi ya pili, nunua hiyo. Wengi wanaoniuliza hawana pesa hiyo, na hata mimi sikuwa nayo nilipoanza.

4. Canon au Nikon?

Angalia rafiki zako wana nini. Sitanii. Mwaka wa kwanza utaazima lenzi, utaazima betri, utamuuliza mtu kitufe fulani kiko wapi. Ukiwa peke yako na Nikon katikati ya watu wa Canon, au kinyume chake, utaazima kwa nani?

Kwa ubora wa picha, kamera za bei moja na za miaka ile ile zinakaribiana kiasi kwamba mteja wako hatajua tofauti. Kila upande una mitego yake, ambayo nimeieleza kwenye swali la 6.

## Pesa na modeli

5. Nina milioni moja na nusu. Niitumieje?

Usiimalize kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Hilo ndilo kosa ninaloliona kila mwezi: kijana ananunua bodi kubwa, anabaki na lenzi mbovu, betri moja na kadi aliyopewa bure na muuzaji. Siku ya kazi betri inazima saa nane mchana, bwana harusi bado hajakata keki.

Mimi hugawa hivi. Bodi na lenzi yake ya kawaida ichukue nusu, au zaidi kidogo tu. Robo iende kwenye lenzi ya pili (swali la 8). Kinachobaki kinunue betri ya pili, kadi mbili za memori kutoka duka linaloaminika, kipulizia cha mpira cha kufukuzia vumbi, na begi lenye sponji. Bodi ya bei ndogo na lenzi nzuri itaishinda bodi kubwa yenye lenzi hafifu, hasa taa zikiwa chache.

6. Modeli gani nianze nayo?

Upande wa Canon, 600D (2011) na 700D (2013) ni farasi wa kazi: skrini inageuka, pana tundu la maikrofoni, na flashi za kila aina zinawaka juu yake. 1300D (2016) ni nyepesi na rahisi, ila haina tundu la maikrofoni. 2000D ya mwaka 2018 ina megapikseli 24, lakini ina mtego: pale flashi inapokaa juu hakuna kile kipini cha katikati. Flashi nyingi za bei nafuu na vitumaji vyake vinategemea kipini hicho, kwa hiyo ukizipachika hazitawaka. 4000D na 250D zina tatizo hilo hilo. Ukipanga kuwa mtu wa studio au wa harusi, hilo peke yake linatosha kukuelekeza 700D. 4000D siipendekezi kwa mtu yeyote, kwani hata pete ya kushikia lenzi ni ya plastiki.

Upande wa Nikon, D3300 (2014) na D3500 (2018) zina sensa nzuri sana kwa bei yake. D3500 inapiga picha zipatazo 1,550 kwa chaji moja kwa kipimo cha kiwanda, ilhali 2000D ni 500 hivi. Kijijini kwenye umeme wa kubahatisha, tofauti hiyo ni kubwa. Mtego wa Nikon ni injini ya fokasi, ile inayosogeza lenzi ili picha iwe na makali. Bodi zote za D3000 na D5000 na familia zake hazina injini hiyo ndani, kwa hiyo zinahitaji lenzi iliyoandikwa AF-S au AF-P. Lenzi za AF-D utazungusha fokasi kwa mkono. Na AF-P nazo hazifokasi kwenye bodi za zamani kama D3100 na D3200.

Niliwahi kununua lenzi ya namna hiyo bila kuuliza, kwa kuwa ilikuwa rahisi, nikaenda nayo kwenye kwanjula Mityana. Shangazi yangu ana picha kumi na mbili za gomesi kali sana na sura isiyo na macho.

7. Megapikseli ngapi zinatosha?

Kumi na nane zinatosha. Picha ya kawaida ya inchi 6 kwa 4 inahitaji kama megapikseli 2 tu. Karatasi ya A3 iliyochapwa kwa ubora wa juu pale Nasser Road inahitaji kama 17 na nusu. Muuzaji akianza kukuimbia megapikseli, muulize lenzi ina kuvu au haina.

8. Lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera inatosha? Ya pili iwe ipi?

Inatosha kujifunzia, na mchana nje ni nzuri kuliko sifa zake. Inakwama gizani. Ukiivuta hadi 55, tundu lake la kupitishia mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa).

Ya pili iwe 50mm f/1.8 kwa Canon, au 35mm f/1.8 ya DX (ya sensa ndogo) kwa Nikon. Tundu la f/1.8 linapitisha mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Kwa lugha ya harusi: ukumbi ambao ulikulazimisha kuwasha flashi, sasa unapiga bila flashi, na watu wa nyuma wanafifia vizuri. Jua tu kwamba 50mm kwenye sensa ndogo ya Canon inabana kama 80mm, kwa hiyo ndani ya chumba kidogo utaishia umegandamana na ukuta. Ni lenzi ya sura, si ya familia nzima kwenye kochi.

Lenzi ya kuvuta mbali, kama 55-250 au 70-300, subiri hadi uwe na sababu: mpira, ndege, mbuga.

9. Nianze na kamera ya sensa kubwa kamili (full frame)?

Hapana, isipokuwa umeipata kwa ndugu. Bodi kama Canon 5D Mark II ya mwaka 2008 inashawishi kwa bei, lakini lenzi za EF-S, zile za Canon za sensa ndogo, hazikai juu yake, na lenzi zinazoifaa ni ghali na nzito.

## Kununua

10. Nikague nini kwenye kamera iliyotumika kabla ya kulipa?

Nenda mchana, nenda na kadi yako ya memori na tochi ya simu, na usikubali kuoneshwa kamera ndani ya gari linalonguruma. Kisha fuata utaratibu huu bila kuona haya. Muuzaji mwema atakusubiri.

Anza na lenzi. Ondoa lenzi, fungua tundu, elekeza tochi upande mmoja na uchungulie upande wa pili. Chembe chache za vumbi hazina neno. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui au maua meupe pembeni, hiyo ni kuvu, rudisha. Zungusha pete zote mbili, zisikwaruze mchanga.

Nenda kwenye sensa. Funga tundu hadi f/16 au f/22, piga picha ya mbingu nyeupe au karatasi, ikuze kwenye skrini. Madoa yaliyofifia ni vumbi, linasafishika. Mstari mkali usiobadilika au doa lenye makali linaweza kuwa mkwaruzo. Kisha funika lenzi, piga sekunde kadhaa gizani, uone kama kuna vitone vya rangi vinavyong'aa.

Shata ina umri. Bodi nyingi za kuanzia hutazamiwa kupiga picha 100,000 hivi, nyingine huvuka sana, nyingine hufa mapema. Kwenye Nikon idadi imeandikwa ndani ya faili la picha, utaisoma kwa programu ya bure kwenye kompyuta. Kwenye Canon nyingi haimo ndani ya picha, itabidi kamera iunganishwe kwa waya. Bodi iliyokwaruzika ikiwa na picha 20,000 naipenda kuliko iliyong'arishwa ikiwa na 140,000.

Mwisho piga picha hamsini mfululizo, washa flashi ndogo, rekodi video dakika mbili, bonyeza kila kitufe, fungua na ufunge mlango wa betri. Betri ikishuka haraka mbele ya macho yako, punguza bei ya betri mpya.

11. Nitajuaje kwamba si ya wizi?

Hutajua kwa uhakika, lakini unaweza kujilinda. Linganisha namba iliyo chini ya bodi na ile ya kwenye boksi au risiti. Muulize muuzaji akuoneshe chaja yake, kwa maana mwizi wa kamera mara nyingi hana chaja. Andikeni makubaliano, majina, namba ya bodi, bei na tarehe, na nakala ya kitambulisho cha taifa. Watu wengi hapa hupeleka makubaliano ya kiwanja kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa), na sijaona ubaya wa kupeleka na ya kamera. Lipa kwa Mobile Money badala ya noti, ili alama ibaki. Dukani dai risiti rasmi ya EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato.

Bei ikiwa nusu ya bei ya kila mtu, na mwenyewe ana haraka ya kuondoka, hujapata bahati.

12. Naambiwa ni "Kiss X7i" au "T5i". Ni feki?

Si feki. Canon huuza kamera moja kwa majina tofauti. 700D ya kwetu inaitwa Rebel T5i Marekani na Kiss X7i Japani. 600D ni T3i na Kiss X5. 1300D ni T6, na 2000D ni T7. Ila zile zilizotoka Japani hakikisha menyu inageuka kuwa Kiingereza kabla hujatoa pesa.

13. Chaja ina pini mbili bapa. Itaungua?

Soma maandishi madogo nyuma yake. Yakisema 100-240V, inakubali umeme wetu wa volti 240, unachohitaji ni adapta ya kuingia kwenye soketi ya pini tatu. Chaja nyingi za kamera ziko hivyo. Hatari iko kwenye taa kubwa za studio zilizotoka Japani na kuandikwa 100V tu: hizo zitatoa moshi.

Betri nazo zina familia. LP-E10 inaingia 1100D, 1200D, 1300D, 2000D na 4000D. LP-E8 ni ya 550D hadi 700D. EN-EL14 inahudumia familia za Nikon D3100 hadi D3500 na D5100 hadi D5600.

## Wiki za kwanza

14. Nianze na alama ipi kwenye gurudumu?

Av kwenye Canon, A kwenye Nikon. Wewe unachagua tundu la lenzi, kamera inatafuta kasi ya shata. Weka ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) ijiendeshe yenyewe, isipite 3200 au 6400. Kaa hapo mwezi mmoja ukiangalia namba zinavyobadilika unapotoka kivulini kwenda juani. Alama ya M, ambayo kila kitu unapanga mwenyewe, utaielewa kwa siku moja baada ya hapo, na wanaokuambia kwamba mpiga picha wa kweli hutumia M tu, waulize wangapi kati yao walikosa pete ikivishwa.

15. Kwa nini sura za watu zinatoka nyeusi, au mbingu inaungua?

Swali hili ndilo linalotutenganisha sisi na mafunzo mengi ya mtandaoni. Kamera haijui inaangalia nini. Inapima mwanga na kujaribu kuufanya wote uwe kijivu cha wastani. Ikiona gauni jeupe la bibi harusi limejaa kwenye picha, inadhani kuna mwanga mwingi mno, inapunguza, na sura yake nyeusi nzuri inazama. Ikiona wanaume kumi ndani ya suti nyeusi, inafanya kinyume: inaongeza, na kanzu ya mzee aliyekaa pembeni inaungua hadi mishono haionekani.

Dawa ya kwanza ni kitufe cha +/-. Gauni jeupe, au mtu aliyesimama mbele ya mbingu: nenda +1, angalia, ongeza au punguza. Suti nyeusi: nenda -0.7 hivi. Dawa ya pili ni kubadilisha upimaji uwe wa eneo dogo la katikati, kisha upime shavu la mtu. Ngozi nyeusi sana inataka kubaki nyeusi, si kijivu, kwa hiyo ukipima shavu lenyewe huenda ukahitaji kushuka kidogo. Usiongeze mwanga kupita kiasi kwa kudhani unampendezesha mtu. Wateja wangu wa Arua walinirudishia picha nilizowafanya weupe, na walikuwa na haki.

Dawa ya tatu haina gharama. Msimamishe mtu aliyevaa kanzu nyeupe mbele ya unayempiga, kando ya kamera, upande wa jua. Kanzu inarudisha mwanga laini usoni kama kitambaa cha studio. Kwenye kwanjula huwezi kukosa kanzu.

16. Jua la saa sita linanishinda. Nifanyeje?

Hapa kwenye ikweta jua la mchana linasimama karibu na utosi mwaka mzima, macho yanageuka mashimo. Sogeza watu chini ya mwembe au ukingoni mwa hema, nyuso zikitazama nje penye mwanga. Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya saa tatu na jioni kuanzia saa kumi na moja. Usichelewe: kwetu giza haliji polepole kama Ulaya. Jua likizama muda mfupi kabla ya saa moja, una kama dakika ishirini tu za rangi.

17. Picha zangu zimetikisika au hazina makali.

Kuna magonjwa mawili tofauti. Kila kitu kikiwa kimefifia kuelekea upande mmoja, mkono umetikisika au mtu amesogea. Mtu aliyesimama mpige kwa kasi ya shata ya 1/125 ya sekunde, mchezaji wa ngoma za bakisimba au larakaraka anataka 1/250 au 1/500. Sikio likiwa kali na jicho limefifia, fokasi imetua pabaya. Kamera ikiachiwa ichague yenyewe hupenda kitu kilicho karibu zaidi, mara nyingi ni maua ya mezani. Chagua nukta moja ya fokasi, iweke kwenye jicho.

18. RAW au JPEG?

JPEG (picha ambayo kamera imeshaitengeneza) kwa mwezi wa kwanza, kisha zote mbili kwa pamoja, kisha RAW kwa kazi ya kulipwa. Faili la RAW, yaani data ghafi ya sensa, linakupa nafasi ya kuokoa sura iliyozama (swali la 15), lakini la megapikseli 24 lina uzito wa kama megabaiti 25 hadi 30, na linahitaji kompyuta. Programu ya darktable ni ya bure, na kwenye simu Snapseed inatosha kuanzia.

19. Kadi ya memori, ninunue ipi?

Chukua mbili za GB 32 badala ya moja ya GB 128, ili moja ikifa usife nayo. Feki zimejaa. Kadi feki hujitambulisha kuwa ya GB 64, ikifika 8 inaanza kuandika juu ya picha za mwanzo bila kukuambia. Ilinipata kwenye ubatizo: niliporudi nyumbani, picha za kanisani zilikuwa mraba wa kijivu. Siku unayonunua, ijaze mpaka mwisho na uisome tena. Kwenye Windows programu ya bure ya H2testw inafanya kazi hiyo. Na kadi ifomatiwe ndani ya kamera.

## Kutunza

20. Vumbi jekundu la barabara zetu?

Usibadilishe lenzi juu ya boda, wala kwenye gari lenye madirisha wazi. Geuza bodi iangalie chini, lenzi nyingine iwe tayari mkononi, sekunde tano umemaliza. Baadhi ya bodi hutikisa sensa zenyewe kila unapowasha, lakini 1300D, 2000D, D3400 na D3500 hazifanyi hivyo, kwa hiyo kipulizia cha mpira ni lazima. Usipulize kwa mdomo, mate hayatoki kirahisi.

21. Kuvu inaingiaje, na naizuiaje?

Inapenda giza, unyevu na hewa iliyosimama, yaani begi lako la ngozi ndani ya kabati, hasa ukikaa karibu na Ziwa Victoria. Tafuta chombo cha plastiki cha chakula chenye mfuniko unaobana, weka vifuko vya silika vile vya ndani ya boksi za viatu, na uvikaushe kila baada ya wiki kadhaa. Bora zaidi, tumia lenzi. Ile inayotoka juani kila wiki haiugui mara nyingi. Iliyokwisha kuugua iweke mbali na wenzake.

## Mambo ya pembeni

22. Kwenye ukumbi wa taa za LED naona mistari kwenye video.

Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi zinapepesa nao. Weka mfumo wa video uwe PAL, fremu 25, na kasi ya shata 1/50 au 1/100. Taa mbovu sana zitaendelea kusumbua hata hivyo.

23. Nikitumia flashi, sehemu ya picha ni nyeusi.

Shata imekwenda kasi kuliko flashi. Shuka hadi 1/200 au chini yake. Flashi isipowaka kabisa, tazama swali la 6.

24. Naweza kurekodi ibada nzima?

Si kwa DSLR moja. Nyingi hukata kabla ya nusu saa, na zile za kuanzia hupata joto. Zimeundwa kwa vipande vifupi.

25. Nikienda mbugani au kuona gorila, nichukue nini?

Bwindi ni msitu wa giza, gorila ni weusi, flashi hairuhusiwi, na ukishawapata una saa moja. Lenzi yenye tundu kubwa itakufaa kuliko ya kuvuta mbali sana, kwa sababu wanyama huwa karibu. Panda ISO bila huruma, na punguza mwanga kwa -0.7 kama ulivyofanya kwa suti nyeusi. Mfuko wa plastiki wa kufunika bodi usiusahau, mvua haina ratiba. Kinamasi cha Mabamba, kwa ajili ya ndege korongo-nyangumi, ni kinyume chake: mbali, mwanga mwingi, na mtumbwi unaoyumba, kwa hiyo 1/1000 na lenzi ndefu.

26. Wapi nisipige?

Kambi za jeshi, Ikulu, vituo vya polisi, na bwawa la umeme la Jinja lenye walinzi juu yake. Sokoni na vijijini omba kwanza. Kutwanga picha ya mama anayeuza nyanya bila kumsalimu ni utovu wa adabu kabla haijawa suala la sheria. Droni zina vibali vyake, usibebe kwa kubahatisha.

27. Naweza kupiga jua likipatwa?

Usichungulie jua kwenye kitundu cha DSLR, hata mara moja. Lenzi inakusanya jua na kulimimina ndani ya jicho. Tarehe 3 Novemba 2013 watu walimiminika Pakwach kuona kupatwa kule, na baadhi walishika kamera bila kichujio. Nunua kichujio maalumu cha jua cha mbele ya lenzi. Miwani ya jua na filamu za zamani za eksirei hazitoshi.

28. Lini nianze kutoza?

Ukiweza kurudi na picha ishirini zinazofaa kutoka kwenye shughuli ambayo hukuisimamia wewe, mvua ikinyesha, betri moja ikizima. Nenda kwanza kama msaidizi wa mtu kwenye harusi tatu nne. Ukianza, chukua nusu ya malipo kabla ya siku, andika ni picha ngapi na zitakabidhiwa lini, na usipange kazi peke yako ukiwa na bodi moja. Azima ya pili kutoka kwa yule rafiki wa swali la 4.